Posa Iliyojibiwa Amina

Ipo siku moja kule Kitahana hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu uliponiambia unataka kuandika hadithi kwa Kiha, lugha yetu, imekuwa ikinirudia. Ni siku niliyopeleka posa kwa kina Adela.

Kwa desturi muoaji hafungui mdomo siku hiyo, husemewa. Nilimchagua rafiki yangu Stanslausi kwa kuwa alikuwa msomaji, na siku zile alikuwa akisoma habari za Wayahudi wa Ulaya.

Ngoja nikueleze taratibu. Kwa karne nyingi Kiebrania kilikuwa lugha yao ya sala na vitabu. Nyumbani walisema lugha nyingine. Ikaja enzi ya mwamko wa fikra, Ulaya ikataka kila jambo lipimwe kwa akili. Vijana wao wasomi wakatamani elimu hiyo iwafikie ndugu zao, wakaichukua lugha ya sala wakaandikia magazeti, sayansi, mashairi, hata hadithi za mapenzi. Jambo kubwa hilo. Ila wengi walitaka Kiebrania cha manabii tu, wakiona lugha ya nyumbani imechafuka. Basi katika vitabu vyao hata kijana akimtongoza binti hunguruma kama nabii mlimani.

Stanslausi akaamua Kiha nacho kiamke, na kwamba kilicho safi ni kile kinachofuata Kirundi, lugha jirani yake, kile cha Biblia tunachosomewa kanisani.

Baba yake Adela, mzee wa kanisa, akatukaribisha vizuri. Stanslausi akasimama, akanyoosha mikono, akaanza kwa Kiha chake hicho: "Enyi nyumba iliyobarikiwa, itazameni milima ya Kasulu, ambako mbegu imetoka ikiutafuta udongo wake..."

Mzee akavua kofia. Mama akafumba macho. Wote wakasimama. Stanslausi akadhani ni heshima, akazidisha. Alipomaliza, mzee akasema kwa sauti nzito, "Amina," nyumba nzima ikaitikia, ugali ukaletwa.

Nikamnong'oneza, "Wamekubali?"

"Si wamesema amina?"

"Amina ya nini?"

Akamega tonge la ugali. Nami nilijua mfanyabiashara mmoja wa maharage alikuwa njiani kuja kuposa hapo hapo. Samaki wa migebuka wakaisha sahanini, hakuna aliyemtaja Adela. Mzee akatushukuru kwa maombi, akatutakia safari njema.

Ndipo shangazi yake Adela akauliza, "Enyi watoto, nani aliwaambia hapa kuna mgonjwa?"

Stanslausi akainuka tena. "Ee binti wa vilima..."

"Kaa chini. Ukitaka vitunguu sokoni Kasulu, unasemaje?"

"Nasema, nipe vitunguu."

"Basi sema hivyo hivyo."

Akaketi. "Shangazi, huyu hapa anamtaka Adela."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mlango. Mzee akavaa kofia yake. "Kumbe," akasema. "Na mimi nilishangaa, wachungaji wa siku hizi ni wadogo hivi. Haya, rudini mkae. Hilo linazungumzika."

Mwanangu, hata Wayahudi wale walipata shangazi zao. Waandishi waliofuata walithubutu kuchanganya maneno ya manabii na ya vitabu vya baadaye, na mwendo wa mazungumzo ya nyumbani, hadithi zikapata miguu. Mwishowe watoto wakawa wanagombania mpira kwa lugha ile ile ya sala. Lakini wale wa kwanza ndio waliofungua mlango, kwa hiyo usimcheke Stanslausi. Mimi namcheka kwa sababu nilikuwa karibu kukosa mke.

Nasaha yangu ni hii: soma ya dunia nzima, kisha yalete nyumbani kwa lugha inayojua bei ya vitunguu. Usiache mbachao kwa msala upitao, wala msala usiutupe. Siku ya sala utauhitaji. Na ukimaliza ukurasa, wasomee watu. Wakivua kofia, anza upya.

Ningeendelea, ila Adela yuko jikoni, na nikirefusha maneno huitikia "Amina" kabla sijafika mwisho. Mungu akupe kalamu isiyochoka, mwanangu, na shangazi wa kukukatiza mapema.