Nilivyofuata Chumba Nikaishia Msibani

Jamani, hili nilishaapa kutolisimulia, lakini kwa vile mmenibana niseme kwa nini sipendi kupita Kilole, basi sikieni, na mkitaka kunicheka chekeni, nimezoea.

Nilikuwa nimetoka Handeni na cherehani yangu, nimefikia kwa binamu yangu hapa Korogwe, nalala sebuleni, na mumewe kila asubuhi ananiuliza kama nimeshapata chumba (kwa upole, lakini upole wa aina ile mnaujua). Dalali akaniambia kuna chumba kizuri Kilole kwa mama mmoja mjane, nimsubiri anipeleke mchana. Mimi na haraka zangu nikatangulia peke yangu.

Nafika, uani watu wamejaa, mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda kanga. Msiba. Mwenye akili angetoa pole akaondoka, lakini macho yote yalikuwa kwangu nikaona aibu kugeuka, nikavua viatu, nikajitanda mtandio, nikakaa, nikijiambia nitakaa kidogo tu kisha niteleze (na msibani huulizwi umefuata nini, unaletewa chai).

Mama wa pembeni yangu akaniuliza nimetokea wapi. Nikasema Handeni.

"Handeni! Si ndiko alikokuwa anafanya kazi marehemu? Basi mlikuwa mnafahamiana!"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Akanishika mkono hadi ndani kwa mfiwa, ambaye ndiye mwenye nyumba mwenyewe. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Handeni yote hiyo kwa ajili ya mwanangu?" Akaning'ang'ania mkono. "Miaka mingi hakuja hata kunisalimia. Watu wanasema alinisahau. Hebu niambie wewe uliyekaa naye, alikuwa ananitaja?"

Ningesema nini? Nikamwambia alikuwa anamtaja kila siku. Akalia, nikalia naye, na machozi yangu yalikuwa ya kweli maana nilikuwa naogopa, akawageukia wenzake: "Mmesikia? Mwanangu alikuwa ananitaja."

Hapo simu yangu ikaita. Simu yenyewe mbovu, ukipokea lazima mtu asikike kwa spika ya nje, na mimi kwa kiherehere cha kuikata nikabonyeza pa kupokea.

"Dada, usiende kwanza Kilole kuangalia kile chumba," dalali akasema kwa sauti yake ya stendi, "mama mwenye nyumba kafiwa na mtoto wake. Na wewe humjui mtu pale, utawasumbua bure."

Yule aliyenileta akasema, "Makubwa!" Wangenitukana ningeshukuru. Mama akaniachia mkono polepole, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo hakunitaja?"

Nilitoka na viatu mkononi, nikaja kuvivaa barabarani.

Baadaye dalali aliniambia chumba bado kipo na mama hana kinyongo, lakini sikuweza. Nimepanga kwingine, paa linavuja juu ya cherehani, na sithubutu kulalamika. Siku hizi nikikuta msiba nasema wazi mimi ni nani na nimefuata nini, na kama marehemu simjui nasema simjui. Mara mbili nimefika hadi karibu na ile nyumba ili nimwombe radhi, nikarudi, kwa sababu najua ataniuliza tena, na safari hii itabidi nimwambie sijui.