Toleo la Chini Kabisa

Mume wangu aliujua mchezo wa Go huko China, alikopelekwa kusomea mitambo. Wenzake walirudi na simu na mablanketi mazito. Yeye akarudi na mchezo ambao Bariadi nzima hakuna aliyewahi kuusikia. Unachezwa na watu wawili juu ya ubao uliochorwa mistari inayokatizana. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe, na kila mmoja kwa zamu yake anaweka kete moja kwenye makutano ya mistari. Mnazingirana hivyo hivyo mpaka mwisho, na mwenye eneo kubwa ndiye mshindi. Ubao aliuchora kwenye kipande cha plaiwudi, kete zikawa vifungo kutoka kwa fundi cherehani, na mpinzani nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa mkewe na sikuwa na pa kukimbilia.

Nilikuwa mpinzani mbovu. Sina subira, na nikizingirwa napandisha hasira, nainuka kwenda kuangalia mboga jikoni hata kama hakuna mboga. Siku moja akaniambia, “Mama, wewe ni afisa TEHAMA, serikali inakulipa kukaa na kompyuta. Nitengenezee basi mtu wa kucheza naye.” Alikuwa ananichokoza. Nikaamua kumwonyesha.

Ilituchukua miaka. Toleo la kwanza la programu yetu lilijua kanuni tu, basi: lilitupa kete popote panaporuhusiwa. La pili lilijua kukamata kete iliyozingirwa. Tukaendelea hivyo. Kila nikimaliza toleo jipya nililipambanisha na lililotangulia. Asubuhi naiacha kompyuta mezani ikicheza yenyewe kwa yenyewe, naenda ofisini, na umeme usipokatika jioni nakuta matokeo. Jipya likishinda mara nyingi, tumesonga mbele. Likishindwa, narudi kutafuta kosa.

Baada ya hapo ndipo yeye anakaa kulichokonoa. Alikuwa mjaribuji asiye na huruma hata kidogo. Kuna namna ya kumfukuza mpinzani kwa kona kona, hatua baada ya hatua mpaka ukingoni mwa ubao, tuliyoiita ngazi. Kwa muda mrefu programu yetu haikuweza kuiona ngazi inakoishia. Ilikimbia tu, huku yeye anaifukuza ubao mzima akicheka mpaka machozi. “Mtoto wako haoni mbele,” ananiambia. Mtoto wangu! Likishinda ni letu, likishindwa ni langu.

Siku lilipomshinda kwa mara ya kwanza alihesabu maeneo upya kwa kidole, kisha akatoka nje. Nikajua amechukia. Kumbe ameenda kukamata jogoo. Tulikula wali na kuku kwa heshima ya programu ya kompyuta, na majirani tukawaambia ni mgeni wa mbali.

Kiharusi kilimkuta kiwandani, kwenye mashine za kuchambua pamba, msimu ukiwa umepamba moto na malori yamejipanga mpaka barabarani. Alipona nusu. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yalirudi machache. Daktari alituambia, bila kutuficha, kwamba vingine vidogo vidogo vinaweza kufuata, na kila kimoja kitaondoka na chake. Vikafuata.

Kilichobaki kwake ni Go. Alikuwa anashika kipanya kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akikaa pale mezani anakunja uso, anafikiri, anang'ata mdomo, ni mume wangu. Akiinuka pale anakaa kitandani na kuutazama ukuta, na mtu yule simjui. Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani: asiache kucheza.

Lakini toleo letu la mwisho lilikuwa linamshinda vibaya, siku baada ya siku. Mbaya zaidi, lilishinda kwa namna ya kudharau. Programu yetu haikujali kushinda kwa mengi au kwa machache, nusu pointi iliitosha. Ikishaona ina uhakika wa ushindi, inaanza kuweka kete za hovyo, inaachia vipande vya eneo bure. Zamani alilijua hilo na tulikuwa tunalicheka pamoja. Sasa alikuwa anakodoa macho kwenye kioo, anaona anachezewa.

Nikajaribu kuidhoofisha. Niliiagiza ikosee mara moja moja, kwa kubahatisha. Mtu yeyote anayeandika programu angefanya hivyo hivyo, na ni upuuzi mtupu. Ilicheza kama bingwa, halafu ghafla ikamwachia kona nzima ya ubao pasipo sababu, kisha ikaendelea kama bingwa. Aliitazama ile kona. Shingo ikamvimba. Akakitupa kipanya ukutani.

“Ananicheka,” alisema. Hakuwa amesema neno refu kama hilo wiki nzima.

Nililia bafuni, nikatoka na hasira zangu, nikaja na wazo jingine. Matoleo yote ya zamani yalikuwa bado kwenye kompyuta. Yale hayakukosea kwa kuigiza, yalikosea kwa sababu hayakujua, na makosa yake yalikuwa ya kweli. Nikamfungulia lile lisiloiona ngazi, bila kumwambia.

Aliifukuza. Ubao mzima, kwa mkono wa kushoto, kona kwa kona mpaka ukingoni. Alipofika mwisho akanigeukia na uso wake ule wa zamani, nusu yake ikicheka. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Migato kunisaidia kuuguza, ameketi mlangoni na furushi lake la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Haujui mchezo ule na haupendi, maana anasema unamchosha mgonjwa.

“Ameshinda?” akaniuliza.

“Ameshinda, mayu.”

“Wabeja,” akashukuru, akafunika uso kwa kanga.

Furaha ile ilikaa msimu mmoja. Kikaja kiharusi kingine kidogo, na toleo lile likaanza kumshinda. Nikashuka moja chini. Akashinda, akakaa sawa, akaanza tena kushindwa. Nikashuka tena. Kila toleo nililikumbuka tulivyolitafuta, tulivyobishana, alivyonipigia simu ofisini kunieleza kosa alilogundua akiwa anakunywa chai. Sasa nilikuwa nalishuka jengo lote tulilolijenga, naye ananifuata nyuma. Nilimchukia daktari, nilimchukia Mungu, niliichukia na ile mashine isiyoumwa. Ofisini waliniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikawajibu anaendelea vizuri, bado anacheza.

Jumamosi moja alasiri nikafika chini kabisa. Mama mkwe alikuwa uani anapeta dengu. Niliufungua mchezo, toleo la kwanza, lile linalojua kanuni tu. Chini yake hakuna kitu. Kama hili nalo litamshinda, sina pengine pa kumpeleka.

Aliweka kete. Programu ikatupa yake mbali, pembeni kabisa. Akaweka nyingine, nayo ikatupa tena, popote. Kete za programu zilikuwa zimetapakaa ubaoni, hazijuani. Mume wangu akaacha kipanya. Akasogeza uso karibu na kioo.

“Huyu naye anaumwa,” akasema.

Akakishika tena kipanya, akaweka kete yake mahali pa kijinga, katikati ya kete za mwenzake, pa kukamatwa kwa hatua moja. Akasubiri. Programu ikatupa kete kwingine. Akaweka ya pili karibu na ile ya kwanza, kwa uangalifu, akakigonga kioo kwa kidole kuonyesha: hapa, hapa. Alikuwa anaisaidia. Ikatupa kwingine.

“Pole,” akaiambia. Akanigeukia. “Mama, mwache apumzike.”

Nilimwambia amalize, alikuwa anashinda. Nilimwomba, kwa kweli, nikamshika mkono na kuurudisha kwenye kipanya. Akautoa taratibu na kutikisa kichwa. Tangu siku ile nikimfungulia kompyuta anaigusa mara moja juu ya kifuniko, kwa upole, anarudi kitandani. Hataki kumsumbua mgonjwa.