Sebule ya Mama Pasi

Siku Mama Pasi alipotangaza kwamba amejiandikisha chuo, shemeji yake alicheka mpaka chai ikampalia.

"Chuo cha nini, Shemeji?" aliuliza akijifuta kidevu.

"Upambaji wa ndani. Na kompyuta ya mwanzo. Zinafundishwa pamoja."

"Ndani kwa nani?"

Wageni wote pale sebuleni wakacheka, maana Shemeji akicheka watu hucheka. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Pasi, msimamizi wa ghala aliyestaafu kazi lakini hakustaafu sauti. Tangu msiba ulipokwisha, alikuwa akija kila wiki kukalia kiti cha marehemu, kiti kikubwa cha mbao nyeusi chenye mgongo mrefu, kilichoelekezwa mlangoni ili kila anayeingia aanze kusalimia pale. Kutoka kwenye kiti hicho aliamua nani aoe lini, nani apatanishwe na nani, na nyama ya wageni ikatwe vipi. Mama Pasi alingoja kicheko kiishe. Akakusanya vikombe, akasema, "Darasa linaanza Jumatatu," akaingia zake jikoni.

Jina la Mama Pasi alilipata hospitalini. Nusu ya umri wake aliimaliza katika chumba cha kufulia, akipiga pasi mashuka meupe, mapazia meupe na makoti meupe ya madaktari, ndani ya mvuke uliolowesha mpaka kope. Ukimuuliza kilichomchosha, hakutaja mgongo wala miguu. Alitaja weupe. Akirudi nyumbani alipenda kusimama mbele ya maduka ya vitambaa, akaangalia majora ya zambarau na manjano kama mwenye kiu anavyoangalia bomba. Hospitali ilipoleta mashine mpya na kupunguza watu, wenzake walizungumzia kufuga kuku. Yeye alijifunga kilemba kipya akaenda chuoni.

"Umekuja kumwandikisha mtoto, Mama?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Mtoto wangu alishasoma. Sasa zamu yangu."

Upambaji ulimwingia taratibu. Rangi alizipenda, vipimo vilimtesa, na vijana wa darasa lake walimzidi mbali kwa kuchora. Hakuona haya kuchungulia kazi zao na kuuliza. Kompyuta ndiyo iliyomtoa jasho. Mausi aliikandamiza kama anayenyoosha mkunjo wa kola, na mshale ukaruka pembeni ya skrini ukapotea. Alichapa kwa kidole kimoja, akiisaka kila herufi kana kwamba imefichwa makusudi. Kuna siku alichora chumba asubuhi nzima, akazima bila kuhifadhi, na kazi yote ikaenda na maji. Alibaki ameikodolea macho skrini nyeusi, midomo inamcheza. Mtihani wa kwanza akaanguka.

Mwalimu wa kompyuta, kijana mpole asiyependa kumuudhi mtu, alimwita pembeni. "Mama, tunaweza kukupa cheti cha kuhudhuria tu. Usijisumbue na mtihani mwingine."

"Cheti cha kuhudhuria mpe aliyekuja kukaa," alijibu Mama Pasi. "Mimi nimekuja kujifunza. Nirudishe kwa wanaoanza."

Akarudishwa. Akaketi katikati ya watoto wa watu waliomwita Bibi, akaanza upya jinsi ya kuwasha. Nyumbani, binti yake wa pekee, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa, alimwazima kompyuta yake ndogo.

"Usiibonyeze kwa hasira, Mama. Haijakukosea kitu."

"Imenikosea sana. Na tutaelewana tu."

Mtihani wa pili alipita kwa tundu la sindano. Hakumwambia mtu jinsi alivyocheza peke yake jikoni siku ile.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa hii: kila mwanafunzi achague chumba cha kweli, akichore kwenye kompyuta jinsi kilivyo, akibadilishe, kisha asimame mbele ya walimu na wageni aeleze. Mama Pasi alichagua sebule yake mwenyewe. Mwalimu wa upambaji, mwanamke mrefu aliyening'iniza miwani shingoni, aliwaambia waanze kwa kuandika nani hukaa wapi.

Mama Pasi akaandika. Kiti cha marehemu: Shemeji. Kochi refu: wanaume wanaokuja naye. Kochi fupi: mawifi. Mkono wa kochi fupi: binti. Alipofika kwake, kidole kilibaki hewani. Akaichunguza ile picha ya sebule kwenye kompyuta, kona kwa kona.

"Hivi mimi hukaa wapi?" alimuuliza binti yake.

Binti akafikiri. "Wewe hukai, Mama. Wewe huwa unasimama pale mlango wa jikoni na sinia."

Mama Pasi aliifunga kompyuta. Akainuka, akaanza kusukuma makochi.

Walifanya kazi wawili wao. Binti alipaka rangi huku akinung'unika kwamba wanachokoza nyuki. Ukuta mkuu ukawa kijani kilichokolea, cha majani yaliyonyeshewa. Makochi yakatoka ukutani yakasogea kuizunguka meza fupi, yote sawa, pasipo la mbele wala la nyuma. Dirishani, penye mwanga, Mama Pasi akaweka kiti chake na taa ya kusomea. Kiti cha marehemu walikibeba kwa taabu, wakakiweka barazani.

Shemeji akakikuta huko. Aliingia bila kubisha hodi, akasimama katikati ya sebule, akawa anageuka huku na huku.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Karibu, Shemeji. Kaa."

"Nimeuliza, nani amekupa ruhusa ya kumtoa ndugu yangu nje?"

"Ndugu yako nilimuuguza mimi na nilimzika pamoja nawe. Nilichotoa nje ni kiti. Ukikitaka, kichukue."

"Nikirudi hapa nikute kila kitu kimerudi mahali pake."

"Basi utakuwa umekuja kutembea tu," alisema Mama Pasi, "maana hakirudi kitu."

Akajifunga khanga upya kiunoni.

Shemeji akatoka, lakini hakwenda kwake. Alikwenda chuoni, akamwambia mwalimu wa upambaji kwamba nyumba ile ni ya ukoo, na kwamba mwanafunzi wao ameivuruga bila idhini ya wakubwa. Mwalimu akamwita Mama Pasi ofisini.

"Sitaki chuo kiingizwe kwenye ugomvi wa familia. Tafuta chumba kingine. Hata chumba cha rafiki."

"Nyumba tulijenga mimi na mume wangu, na ninayelala humo ni mimi. Ukinikataza nionyeshe, sawa, nikataze. Lakini ukuta sitaugusa, na chumba kingine sitafuti."

"Utaanguka, Mama."

"Nimeshaanguka hapahapa chuoni, na nikainuka."

Mwalimu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Haya. Utaonyesha. Lakini likizuka la kuzuka, litakuwa juu yako."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi na jamaa. Mama Pasi alipopanda mbele, alimwona Shemeji kwenye safu ya nyuma, kavaa koti lake la harusi, mikono kaifunga kifuani. Mausi ikamteleza. Faili isiyo yake ikafunguka na vijana wakacheka kidogo. Akavuta pumzi, akaifunga, akafungua ya kwake.

"Hii ni sebule ilivyokuwa," alisema. "Huyu anakaa hapa, hawa wanakaa hapa. Mimi mwenye kufagia nilikuwa hapa." Mshale ukasimama mlango wa jikoni. "Nje ya chumba."

Akaonyesha sebule mpya. Alieleza mwanga unaingilia wapi, kwa nini makochi yamesogezwa, kwa nini kijani. Alipokuwa anamalizia, sauti ikatoka nyuma, ile sauti ya ghala.

"Na mkubwa wa nyumba anakaa wapi?"

Ukumbi mzima ukageuza shingo. Binti yake akafunika uso. Mama Pasi alimwangalia shemeji yake bila kupepesa.

"Mkubwa wa nyumba ndiye anayezungumza nanyi," alisema. "Hukaa popote anapopenda."

Kuna mzee mmoja aliyepiga makofi peke yake, kisha wengine wakamfuata. Shemeji alinyanyuka, akarekebisha koti, akatoka kabla makofi hayajaisha.

Mama Pasi alipita. Hakuwa wa kwanza wala wa pili. Mwalimu alimkata alama kwa ule ukuta, akisema rangi imekolea mno kwa chumba cha ukubwa ule. Mama Pasi alibisha, mwalimu akashikilia lake, wakaachana hivyohivyo, kila mtu na msimamo wake.

Wiki iliyofuata gari dogo la mizigo lilikuja kukichukua kiti cha marehemu. Vikao vya ukoo vikahamia kwa Shemeji, na mwanzoni hakuna aliyemwita. Mama Pasi alikwenda bila kuitwa. Kikao cha kwanza hawakumsemesha. Cha pili alitoa hoja juu ya mahari ya mpwa wao, wakajifanya hawakusikia, akairudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Mama, huchoki?" binti yake alimuuliza njiani walipokuwa wanarudi.

"Nachoka sana," alisema Mama Pasi, akakunja kona ya kwenda chuoni, kwenye dirisha la kujiandikisha kozi ya juu.