Viti vya Hoteli ya Ufukweni

Jana binti yangu aliniuliza kama ile hoteli ya zamani, pale ufukweni Bukoba, bado inafaa kwa mapumziko. "Tata, wanasema rangi imebanduka na viti vimeoza."

Nilikuwa natafuna akamwani, kahawa yetu ya kukaribishia wageni. Harufu yake ikanirudisha kwenye viti hivyo, vikiwa vipya.

Nikiwa mtoto, baba alinileta kwa miguu kutoka Kamachumu nilione ziwa. Tulipoketi barazani, yeye akiwa peku, alifungua kifurushi cha jani la mgomba akawapelekea akamwani watu wa meza ya pili, kama vile wamefika kwake. Walicheka. Mhudumu akaniinamia. "We mtoto, huyu mzee ni baba yako?"

"Hapana. Tumekutana njiani."

Baba alisikia. Alifunga kifurushi taratibu, akatazama ziwa mpaka soda yangu ilipoisha.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba nilizojenga mjini mnaziona. Hoteli ile sijaikanyaga tena.

"Inafaa," nilimjibu binti. "Twende wote. Ila mhudumu akikuuliza mimi ni nani, mwambie."