Nilinyamaza Ndugu Yangu Akiitwa Mwizi wa Pesa za Mazishi

Nimekosa. Sitatafuta kisingizio. Jina langu sitasema, kwa sababu watoto wangu bado wanasoma hapa Kitale na hawana hatia.

Nilikuwa na duka la simiti na mabati. Nilipotaka kulifungua sikuweza kutumia jina langu, maana biashara yangu ya kwanza, ya nguo, niliiacha na deni la ushuru wa serikali ambalo sikuwahi kulipa. Nikamwendea ndugu yangu mdogo, mwalimu huko Bungoma. Nitamwita Wekesa. Nikamwomba tuandikishe duka kwa jina lake.

"Chukua tu, dada," akaniambia. "Lakini ushuru utalipa, si ndio?"

"Nitalipa bana! Kwani mimi ni mtoto?"

Sikulipa! Biashara ilishika, hata nikanunua ploti Endebess. Watu wa ushuru wakituma ujumbe unaingia kwa simu yangu, kwa sababu nambari niliyowapa ni yangu. Mimi nafuta. Nafuta tu! Wekesa hakujua chochote.

Halafu baba yetu akafa.

Familia ikakubaliana michango ya mazishi iwekwe kwa akaunti ya Wekesa, kwa sababu kila mtu alimwamini. Hata yangu niliituma huko.

Alipoenda benki kutoa pesa za mochari na jeneza, akaambiwa akaunti imefungwa. Mshahara wake, michango ya watu, yote ilikuwa imeshikwa kulipa ushuru wa duka langu. Wueh! Alinipigia akiwa hapo nje ya benki.

"Dada, ati nina deni la ushuru. Mimi! Si ni lile duka?"

"Tulia," nikamwambia. "Nitalimaliza. Usiambie watu."

Akanitii. Huyo ndiye ndugu niliyekuwa naye.

Jioni tukakutana nyumbani kwa wazazi, karibu na Chwele. Baba mdogo, ndugu ya marehemu, akamuuliza pesa iko wapi.

"Benki wameishika, baba."

"Wameishika kwa nini? Sema umekula! Umekula pesa ya ndugu yangu akiwa amelala mochari!"

Wekesa akaniangalia. Nilikuwa nimeketi kando ya mama. Mungu wangu, unajua nilifanya nini? Niliinama nikajifanya nafunga leso.

Mama akasema, "Wekesa, kweli baba yako akose jeneza?"

Akalia mbele ya watu wote. Hakunitaja.

Tulimzika baba na jeneza la kukopa. Baba mdogo akamkataza Wekesa kuongea kaburini. Wakaita wajukuu, wakaita majirani, jina lake wakaliruka. Mtoto wa kiume wa pekee! Alisimama huko nyuma na wapishi, na mimi nikapewa nafasi ya kumsifu baba. Niliongea, jamani. Niliongea vizuri hata watu wakalia.

Baada ya mazishi siri hiyo ilinishinda kubeba. Mwishowe nikapiga magoti mbele ya mama na baba mdogo, nikasema yote. Mama aliinuka tu akaingia ndani.

Niliuza duka, nikauza ploti, nikalipa. Akaunti ikafunguliwa. Baba mdogo akaenda kwa Wekesa kuomba msamaha, nami pia nikaenda kuomba. Mke wake akanipa chai. Wekesa akaniambia pole pole, "Deni umelipa, dada, asante. Lakini siku ile nilikuangalia."

Akachukua vitabu vya wanafunzi wake, akaendelea kusahihisha. Tangu hapo simu zangu hapokei.

Wewe uliye na biashara, usifute ujumbe wa ushuru. Enda uongee nao, kuna kupanga ulipe kidogo kidogo. Mimi nilijua nikiwa nimechelewa. Usimwombe mtu jina lake. Na kama umeshamwingiza mwenzako kwa shida yako, sema wakati bado anatukanwa, sema hapo hapo! Mimi nilisema baba akiwa ameshafukiwa. Ile nafasi ya Wekesa kumuaga baba yake, hata ningeuza nini, hakuna mahali nitamnunulia.