Dada Kou na Kiingereza cha "Kama"

Kou Guizhen hakuwa na haja na Kiingereza. Alikwenda chuo cha wastaafu, pale nyuma ya soko la mboga mjini Luoyang, kujiandikisha darasa la ngoma. Ngoma ilikuwa imejaa. Kwaya ilikuwa imebakiza kiti kimoja tu, na wanawake wawili walikuwa wakikigombea. Karani akamwambia, "Dada Kou, Kiingereza kina nafasi tele." Kwa kuwa alikuwa ameshavaa viatu vipya na hakutaka kurudi nyumbani hivi hivi, akajiandikisha.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha vyuma, na mafundi walimwogopa kuliko mkurugenzi. Fundi akija na kusema, "Dada, nipe bolti mpya, ile ya zamani nitairudisha kesho," alijibiwa, "Basi na mpya utaipata kesho." Kwake kitu kilikuwa kwenye rafu au hakikuwepo, basi. Kwa akili hiyo hiyo alikishika Kiingereza. Maneno aliyapanga kichwani kama misumari kwenye visanduku, na mwalimu wake, binti aitwaye Fei Lin, alimsifu mpaka wenzake wakaanza kumnunia.

Kisha wakafika kwenye "kama".

Siku hiyo Mwalimu Fei aliwapa habari ya ukurasa mmoja ya kusoma na kujibu maswali. Ilimhusu Mwingereza, Bwana Harris. Kama Bwana Harris angalipanda meli asubuhi ile, habari ilisema, angalifika ng'ambo, angalitajirika kwa biashara ya sufu, angalimwoa mjane mwenye shamba, na angalinunua farasi mweupe. Swali la kwanza: Bwana Harris alikuwa na farasi wa rangi gani?

"Mweupe!" darasa zima likajibu.

"Hapana," alisema Mwalimu Fei. "Hakuwa na farasi."

Mzee Dou, askari polisi mstaafu, akasimama na karatasi mkononi. "Mwalimu, mimi nimeandika taarifa za ushahidi maisha yangu yote. Hapa pameandikwa farasi, na hapa pameandikwa mweupe. Nani kamwiba?"

"Hajaibiwa, mzee wangu. Bwana Harris hakupanda meli, kwa hiyo hayo yote hayakutokea."

"Na yule mjane?" akauliza mama mmoja kutoka nyuma.

"Hakumwoa."

"Jamani! Maskini!"

Guizhen akaisukuma kamusi kando, mashavu yamemwiva. "Mwalimu," alisema, "nimehangaika na kamusi mpaka macho yananiuma. Nimemvusha mtu huyu bahari, nimemtajirisha, nimemwoza. Sasa unaniambia bado amekaa kwao?"

Haikuwa kosa lao. Kichina chao hakina "nge" wala "ngali". Mtu husema, "Kama jana nimewahi, nimemkuta," na msikilizaji anajua mwenyewe kwamba hakumkuta, maana anamjua msemaji na anaijua hiyo jana. Lakini Bwana Harris nani alimjua? Habari zake zilikuwa zimefichwa ndani ya vitenzi, na vitenzi vyenyewe vilikuwa vya wakati uliopita. Kwa Guizhen, kilichopita kilikuwa kimetokea.

Mwalimu Fei akajaribu njia nyingine. "Dada Kou, kama ungekuwa mwanamume, ungefanya kazi gani?"

"Mimi si mwanamume."

"Najua, lakini kama ungekuwa."

"Mwalimu Fei, mimi nimezaa."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akaona afadhali awape kazi ya nyumbani. Kila mtu aandike sentensi za "kama" kuhusu maisha yake mwenyewe, za mambo ambayo hayakutokea kamwe.

Mumewe, Tan Shouyi, alikuwa dereva wa kreni mstaafu, mtu mpole ambaye siku hizi alizungumza zaidi na ndege wake wa tunduni. Walikuwa mezani wakila jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama na vitunguu, vimetoka tu kuchemshwa, Guizhen alipomwambia, "Baba Yanzi, nitafutie jambo ambalo halikutokea."

"Andika kwamba mwanao hakupiga simu wiki hii."

"Siyo hivyo. Liwe la kama." Akafikiri, kijiti cha kulia mdomoni, mara uso ukamng'aa. "Nimelipata! Kama nisingeolewa na wewe, ningeolewa na Pang Degui."

Jiaozi ya Shouyi ikaishia njiani.

"Pang Degui?"

"Ni sarufi tu."

"Luoyang yote hii imejaa wanaume. Kwa nini Pang Degui?"

"Jina lake jepesi kuandika."

"Langu lina uzito gani?"

Pang Degui alikuwa mgane wa jengo la nne, mwenye mashati ya maua, aliyeongoza dansi bustanini kila asubuhi. Shouyi aliacha chakula kinapoa, akavaa viatu, akaenda kumgongea mlango na kumuuliza mbele ya majirani alikuwa na nini na mkewe. Pang hakuwahi kuwa na chochote na Guizhen zaidi ya salamu. Lakini habari hiyo ilimpendeza kupita kiasi.

Asubuhi iliyofuata alikuja na tikiti maji kubwa, nywele amezipaka rangi nyeusi, nyingine imebaki sikioni. "Dada Kou," alisema kwa sauti laini, "nimesikia. Lo, ungeniambia mapema."

Shouyi akaweka chini bakuli la supu.

"Kaeni chini, nyote wawili," Guizhen akaamuru kwa sauti yake ya stoo, nao wakakaa. "Sikilizeni. Kuna Mwingereza anaitwa Harris..."

"Huyu naye ni nani?" Shouyi akaruka.

"Kaa chini! Kama Harris angalipanda meli, angalitajirika, angalimwoa mjane, angalinunua farasi mweupe. Haya, farasi wa Harris ana rangi gani?"

Wanaume wakatazamana. "Mweupe," wakajibu pamoja.

"Hakuna farasi!" Akapiga meza, kijiko kikaruka. "Meli imeondoka bila yeye! Hakuna farasi, hakuna mjane, na wewe Pang Degui, hakuna harusi! Ndiyo maana imeanza na kama!"

Mkono ukabaki hewani. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliuona ukurasa ule wote jinsi ulivyokuwa, rafu ndefu ya vitu ambavyo havipo, kila kimoja na jina lake. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Kwa hiyo," Pang akauliza polepole, "sikukataliwa?"

"Hukuomba."

"Na kama ningeomba?"

"Umeona? Hiyo ndiyo sentensi yenyewe, safi kabisa."

Shouyi akalisogeza tikiti. "Na hili lipo?"

"Lipo," Pang akakiri.

"Basi tulikate."

Jioni ile, Shouyi akimfunika ndege wake kwa kitambaa, alisema bila kugeuka, "Mama Yanzi, na mimi nina yangu. Kama ningekwenda kusini, kule bandarini waliponiita, leo ningekuwa tajiri."

Guizhen hakuwahi kusikia kwamba aliitwa popote. "Mbona hukwenda?"

"Ulikuwa na mimba ya Yanzi. Ulikuwa huli kitu isipokuwa uji nilioupika mimi."

Guizhen aliinuka. Akamwendea, akamwekea sawa ukosi wa shati, ingawa haukuwa umepinda.

Juma lililofuata alijibu maswali yote ya Mwalimu Fei bila kosa, na akamfafanulia Mzee Dou mpaka naye akaifunga kesi ya farasi, shingo upande. Siku hiyo hiyo akaingia mwanafunzi mpya mwenye shati la maua. Shouyi aliposikia, akajiandikisha darasa la kuandika kwa brashi, chuoni hapo hapo, ghorofa ya juu, akidai kwamba kila siku alitamani sanaa hiyo.

Huko juu hakudumu. Siku moja Pang Degui aliinua mkono, akauliza, "Mwalimu, hizi kama zote ni za mambo yaliyokwisha kushindikana. Je, hakuna kama ya jambo ambalo bado linawezekana?"

"Ipo," Mwalimu Fei akajibu kwa furaha. "Tutaianza kipindi kijacho."

Kipindi kijacho kilipofika, Tan Shouyi alikuwa ameshakaa kwenye dawati, katikati ya mkewe na Pang Degui, penseli imechongwa.