Gari la Wafalme

Siku hiyo nilikuwa hoi, maana nilishawapeleka wageni wanne uwanja wa ndege. Hata hivyo, mzee mmoja Mjerumani alipopanda teksi yangu pale Ambatoloaka, ufukweni kwa watalii, nikaanza hotuba yangu ileile kwa Kifaransa: gari hili, nililolinunua Mahajanga, ni la kampuni iliyowaundia wafalme magari, na injini zao hufungwa kwa mkono.

Tulipofika mlimani gari likazima. Mzee akashuka, akafungua boneti, akainama kitambo.

"Rafiki yangu," akasema taratibu, "nimefanya kazi katika kiwanda cha kampuni hiyo miaka thelathini. Nembo hii ya mbele ni yetu kweli, lakini imebandikwa tu. Gari si letu."

Miaka sita nimeing'arisha nembo ile kila asubuhi.